Nina sikio moja zima. Mbona sijui pikipiki inatokea upande gani?

Motari_Majengo

Wandugu, salaam. Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hapa Goma, mwaka wa tisa sasa, kituo changu kiko Majengo. Nina swali ambalo niliwauliza wenzangu kituoni wakacheka, nikamuuliza mke wangu akasema niende hospitali, kwa hiyo nalileta hapa.

Sikio langu la kushoto limekufa. Lilianza kutoa usaha nikiwa mtoto, likawa linapona na kurudi, hadi mwaka juzi baada ya mafua makali likaziba moja kwa moja. La kulia liko sawa, tena sawa kupita kiasi: nasikia simu ya jirani ikitetemeka nyuma ya ukuta wa mbao. Nikajiambia hakuna neno, Mungu alitupa mawili ili moja liwe la akiba.

Juma lililopita nilikuwa nazunguka ronpwe ya Chukudu, ule mzunguko wa barabara, nyuma nimebeba mama mmoja na debe lake la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikasikia klaksoni, karibu kabisa. Nikajua, bila kufikiri, kwamba iko kulia kwangu. Nikavuta pikipiki kushoto kuipisha. Kumbe ni lori, na lilikuwa kushoto! Yule mama ndiye aliyeniokoa, alinipiga ngumi ya mgongo na kupiga yowe. Hatukugusana na lori, ila nusu ya sambaza ilibaki barabarani na nimeilipa.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, kwa nini kila sauti sasa imehamia kulia? La pili ndilo linanisumbua zaidi. Zamani nikiwa nimesimama kituoni, pikipiki ikipita niliweza kufumba macho na kuifuata: inatoka kule, iko hapa, imeenda kule, kama mtu anayechora mstari kwa chaki. Siku hizi inakua, inapungua, basi. Mstari umepotea. Nani alikuwa anauchora?

Fundi_wa_Sono (Himbi)

Mdogo wangu, pole na sambaza. Umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani, na wanaokucheka kituoni waambie wafumbe macho wazibe sikio moja kwa kidole, tuone nani atacheka.

Mimi nilifundisha fizikia sekondari hadi chaki iliponichosha, na sasa ni mwaka wa 21 nakaa nyuma ya mikseri kanisani. Kwa hiyo nitajibu kwa pande zote mbili, ya darasa na ya spika.

Ndani ya sikio kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Hewa ikitikisika, nacho kinatikisika, na kinatikisika vilevile iwe mtikiso umetoka njia ya Sake au umetoka ziwani. Jicho hupokea picha yenye kulia na kushoto. Sikio halina kitu kama hicho. Upande unapatikana ubongo unapolinganisha habari za sikio hili na za lile. Kwako habari zinafika za upande mmoja tu, na daima zina nguvu kulia, basi ubongo unahukumu kila kesi kwa ushahidi wa shahidi mmoja: kulia, kulia, kulia. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza.

Ubongo unalinganisha nini? Kwanza muda. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za selsiasi, ambayo ni hewa yetu ya siku nyingi hapa Goma. Ikitokea kushoto kabisa, inafika sikio la kushoto, kisha inabidi izunguke kichwa ndipo ifike la kulia. Kata sekunde moja vipande milioni moja, uchukue kama 650: huo ndio muda wa kuzunguka kichwa, na ndiyo tofauti kubwa kuliko zote utakayowahi kuipata. Mtu aliyezoea kusikiliza anatambua tofauti ya vipande 10 tu. Kwa muda huo sauti inakuwa imesogea milimita tatu na nusu, nusu ya punje ya mchele. Mimi nina saa ya mkononi nzuri, haiwezi hata kuota jambo hilo.

Kama huamini, chukua mpira wa maji safi, mwembamba, wa urefu wa mita moja na kitu. Mtu mwenye masikio mawili aweke ncha moja kwenye mlango wa kila sikio (mlangoni, asisukume ndani), mpira upite nyuma ya mgongo wake. Tia alama katikati kabisa. Gonga kwa kalamu juu ya alama: atasema sauti iko katikati ya kichwa. Sogea sentimita moja kushoto, gonga tena. Atasema imehamia kushoto. Sentimita moja tu, maana njia moja imefupika kwa sentimita na nyingine imerefuka kwa sentimita, jumla mbili. Wanafunzi wangu walikuwa wanapigania mpira huo.

Cha pili ni nguvu. Sauti nene zinakizunguka kichwa kama mawimbi ya ziwa yanavyozunguka mti wa gati, hakuna kivuli. Sauti nyembamba zinakigonga na kuacha kivuli upande wa pili, hata desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa zile nyembamba sana. Mwingereza Lord Rayleigh ndiye aliyeyaweka mambo haya mawili pamoja mwaka 1907: muda kwa sauti nene, kivuli kwa sauti nyembamba. Mpaka wenyewe uko kwenye mitikiso kama 1,500 kwa sekunde, na hapo mpakani na juu yake kidogo ndipo tunapokosea sana. Tutarudi hapo mtu akiuliza.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kabla ya rada, askari walitafuta ndege kwa jozi ya pembe kubwa kama za gramafoni zilizotenganishwa mbalimbali, kila pembe na bomba lake hadi sikioni. Walikuwa wanajipa kichwa kipana, hakuna uchawi.

Sasa mstari wako. Samahani kukuvunja moyo, lakini hata zamani hakuna aliyekuwa anauchora. Hata mimi mwenye masikio mawili sina mstari, nina nukta.

Tupige hesabu. Umesimama mita 3 kutoka njia ya pikipiki, nayo inakuja kwa kilomita 40 kwa saa, ambayo ni mita 11 kwa sekunde. Ikiwa mita 50 kutoka kwako, upande wake kwa masikio yako unabadilika chini ya nyuzi moja ya pembe kwa sekunde. Yaani haihami. Kwa sekunde tatu nzima iko "kule", palepale. Halafu inafika, na katika nusu sekunde inakata nyuzi 90 mbele ya pua yako. Halafu tena iko "kule" kwingine, palepale. Mwendo wote unaokumbuka uko ndani ya nusu sekunde.

Na katika nusu sekunde masikio hufanya nini? Karibu hakuna. Sauti iliyotulia mbele yako utaijua ikihama hata nyuzi moja, Mmarekani A. W. Mills aliipima mwaka 1958. Lakini sauti inayotembea ni habari nyingine. Inabidi isafiri nyuzi kadhaa kabla hujaweza kusema inaelekea wapi, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo nyuzi hizo zinavyoongezeka, hadi 20 na zaidi. Ule ubongo unaosoma nusu ya punje ya mchele ni mzito kubadilisha jibu lake. Unahitaji kama robo ya sekunde kukusanya ushahidi kila mara, kama karani mwenye macho makali na mkono mzito. Kwa hiyo pikipiki inapokupita unapata nukta moja kabla, moja labda katikati, moja baada. Mstari unajazwa na kichwa chenyewe, kwa sababu kinajua pikipiki hairuki.

Wewe hukupoteza mstari. Umepoteza nukta.

Mwimbaji_Katindo

Fundi, umesahau kitu ambacho kila mtoto wa Goma anajua. Pikipiki ikija sauti inapanda, ikishapita inashuka. Hapo sikio moja linatosha kabisa kujua inakuja au inakwenda. Motari asihangaike.

Fundi_wa_Sono (Himbi)

Mwimbaji, sikusahau, nilikuwa nakungoja. Nusu umepata.

Inashuka, ndiyo. Christian Doppler aliandika hesabu yake mwaka 1842, na mwaka 1845 Buys Ballot aliweka wapiga tarumbeta juu ya treni kule Uholanzi, karibu na Utrecht, na wanamuziki wenye masikio mazuri kando ya reli, wakasikia noti ikishuka treni ilipopita. Kwa pikipiki ya kilomita 40 kwa saa inashuka nusu toni na ushei. Wewe ni mwimbaji: ni kama kutoka noti ya "do" kushuka hadi "si", na kidogo zaidi.

Lakini kupanda? Haipandi. Kama motari hajaongeza moto, sauti inayokuja iko juu tangu mbali, inakaa palepale juu, halafu inaanguka inapokupita. Hakuna wakati wowote ambapo inapanda. Kinachopanda ni nguvu ya sauti, na sisi tunachanganya nguvu na unyembamba. Watu wengi kabisa wanaapa kwamba inapanda. Nami niliapa hivyo darasani kwa miaka minne hadi mwanafunzi mmoja alinirekodia.

Hiyo nguvu ndiyo zawadi ya motari wetu. Kila umbali unapokatika nusu, sauti inaongezeka desibeli 6. Pikipiki ile ile ya hesabu: kutoka mita 50 hadi 25 inachukua sekunde mbili na robo. Kutoka 25 hadi 12 na nusu, sekunde moja na ushei. Kutoka hapo hadi 6, nusu sekunde. Ongezeko ni lile lile, muda unakatika nusu kila mara. Unasikia sauti "inakurukia", na mwili unaruka kabla hujafikiri. Hilo halihitaji sikio la pili. Tena tumeumbwa na upendeleo: sauti inayokua tunaihisi inabadilika zaidi kuliko inayofifia kwa kiasi kile kile, na tunadhani kitu kitafika mapema kuliko kinavyofika. Ni kosa, lakini ni kosa la mtu atakayezeeka.

Kwa hiyo, Motari, sikio lako linaweza kukuambia *kuna kitu kinakuja, na kinakuja sasa*. Halitakuambia kutoka wapi. Klaksoni ni mbaya zaidi kwako, maana inapigwa mara moja ikanyamaza, haina kukua wala kushuka.

Nesi_wa_Ndosho

Papa motari, nisome vizuri. Mke wako ana haki.

Kwanza, sikio lililotoa usaha tangu utoto mara nyingi ni kiwambo kilichotoboka au vile vijifupa vitatu vya nyuma yake vilivyoharibika. Hapo mlango ndio mbovu, mshipa wa ndani unaweza kuwa mzima. Hiyo ni tofauti kabisa na sikio ambalo mshipa wenyewe umekufa. Kuna viwambo vinavyozibwa kwa upasuaji, na kuna mashine za kusikia. Usiseme "limekufa" kabla hujapimwa na daktari wa masikio.

Jaribu hiki leo usiku, nyumba ikiwa kimya. Funga mdomo, unguruma "mmmmm" kwa sauti nene. Unaisikia zaidi upande gani? Kama inakwenda kwenye sikio *bovu*, kuna uwezekano ni mlango tu, maana sauti inapita kwenye mfupa wa kichwa na kulifikia bila kupitia kiwambo. Kama inakwenda kwenye sikio zima, huenda mshipa una shida. Si kipimo cha kumalizia mambo, ila utaenda kwa daktari na habari mkononi.

La pili, msitie mafuta ya moto wala maji ya mitishamba ndani ya sikio linalotoa usaha. Naona matokeo yake kila mwezi.

Na kwa wote wanaosoma: sikio likifunga ghafla, siku moja tu, bila mafua wala maumivu, usingoje mwezi. Siku za kwanza ndizo za kulitibu.

Chukudu_Kibumba

Fundi jambo. Miye nashukaka toka Kibumba na viazi. Chukudu, hii baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, haina moteri, gurudumu ni mti na mpira, ku mteremko iko kimya hadi inafika ku mgongo wa mtu. Nikipigaka mluzi watu wanageuka kila upande isipokuwa wa kwangu. Ni ujeuri ama ni masikio?

Fundi_wa_Sono (Himbi)

Ni masikio, muzee. Na ni kosa la mluzi.

Nilisema kuna mpaka ambapo tunakosea sana. Mluzi wa mdomo unakaa hapohapo, mitikiso 1,500 hadi 3,000 kwa sekunde. Ni nyembamba mno kwa muda kusaidia, ni nene mno kwa kivuli kuwa kizuri. Halafu ni sauti tupu, noti moja, haina vumbi ndani yake. Masikio yanapenda sauti chafu, yenye nene na nyembamba kwa pamoja: kukwaruza, kupiga makofi, mchakacho. Hapo ubongo unapata muda *na* kivuli, na ile mikunjo ya sikio la nje inauambia kama ni mbele, nyuma au juu.

Funga kopo la maziwa ya unga kwenye chukudu, tia ndani vijiwe vya makoro. Volkano imetupa vya bure. Watu watageuka upande wako.

Ni jambo lile lile ambalo Ulaya walilihangaikia kwa magari ya umeme: tangu 2019 aina mpya inapaswa kutoa sauti ya kutengenezwa ikitembea polepole. Na hizi pikipiki za umeme za ng'ambo, Rwanda, zikizidi kuvuka mpaka, tutazungumza tena.

Motari, nimekumbuka la mbele na nyuma. Klaksoni iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa zote zinafika masikioni kwa wakati mmoja, hata kwa mwenye masikio mawili. Dawa yake ni kugeuza kichwa. Ukigeukia kulia, sauti ya mbele inawahi sikio la kushoto, ya nyuma inawahi la kulia. Hans Wallach alilionyesha hilo mwaka 1940, lakini mbuzi wamelijua zamani. Kwako wewe, kugeuza kichwa kunabadilisha nguvu ya sauti katika sikio lako zima, na upande inapokuwa kubwa kuliko zote ndipo ilipo. Inachukua sekunde mbili. Ukisimama kituoni inatosha. Kwenye ronpwe huna sekunde mbili, hapo kichwa kigeuke kwa ajili ya macho.

Na kaske yako, kofia ya pikipiki, kama ni ile inayofunika masikio, ndani yake hata mimi mikunjo ya sikio hainisaidii kitu. Usiivue! Nasema tu usiitegemee kukupa upande.

Motari_Majengo

Aksanti yaya Fundi, aksanti mama Nesi.

Ya mpira nimeifanya jana. Kwa vile mimi sifai, nilimketisha binti yangu wa miaka kumi juu ya kigoda, macho yamefungwa kwa kitenge cha mama yake, nami nagonga kwa kalamu. Kushoto, kulia, katikati, kulia. Hakukosa hata moja hadi nilipofika umbali wa upana wa kucha. Nikagonga nikisogeza haraka haraka, huku na huku, ili nimchanganye. Akasema: "Papa, sasa iko kila mahali." Nikamkumbuka karani wako mwenye mkono mzito.

Wenzangu kituoni wamejaribu kidole sikioni. Mmoja alinyooshea ukuta akasema hiyo ni basi inakuja. Hawachekani tena, wanashindana.

Nimenunua kioo cha kushoto. Kilikuwa kimevunjika tangu Pasaka na nilikuwa nasema sikihitaji, nasikia.

Na mama Nesi, ile "mmmmm" niliifanya saa nne ya usiku, umeme umekatika, kimya kabisa. Mke wangu alidhani nalia. Nimeirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Imeenda kushoto.

Nesi_wa_Ndosho

Kushoto! Basi papa, wiki hii, si mwezi ujao. Na uende na mke wako, yeye ndiye atakayekumbuka daktari alisema nini.

Chukudu_Kibumba

Kopo limefungwa. Mbuzi ndio wa kwanza kukimbia.